Daftari la Breki

Kipanga alikuwa ameshateremka zaidi ya nusu ya ngazi ya chuma, mto wa kukalia kwapani, chupa ya chai ikining'inia kidoleni. Daftari alikuwa amelisokomeza mgongoni, ndani ya mkanda wa suruali, na shati amelishusha juu yake. Miaka kumi na tisa aliipanda ngazi ile asubuhi na kuishuka jioni. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda chini ya paa la kiwanda na kuinua mafungu ya nondo kwa winchi, ndiyo maana wenzake wakamwita Kipanga. Siku hiyo alikuwa anashuka saa tatu asubuhi, winchi imezimwa, na chini kila mtu alijitia kuwa na shughuli.

Walikuwa wamemwaga mchanga pale fungu lilipoangukia. Mchanga ulikuwa mwingi kuliko ulivyohitajika, kama wa mtu anayetaka kujenga. Chini ya fungu lile, wiki tatu nyuma, alikuwepo shemeji yake, mfunga minyororo ya mizigo, mume wa mdogo wake.

Afisa utumishi alimngoja mwisho wa ngazi pamoja na mlinzi.

"Umebeba chochote cha kampuni?"

"Mto ni wa mke wangu. Chai ni yangu, na imeshapoa."

Mlinzi alicheka, akamtazama afisa, akaacha kucheka.

"Mpekue."

Mlinzi alimpapasa mifukoni, kwapani, kiunoni. Mkono ulipofika mgongoni ulisimama juu ya daftari, ukakaa hapo kidogo, ukaendelea na safari yake. "Hana kitu," alisema.

Afisa alitoa barua. "Hujafukuzwa. Usije ukatangaza mtaani kwamba umefukuzwa. Unakwenda kwenye kikundi cha walevi wanaoacha, mikutano tisini. Kila mkutano mlezi anakugongea muhuri kwenye kadi. Kadi ikijaa, unarudi kazini."

"Na breki?"

"Breki gani?"

"Ya winchi. Nimeiandika mara tatu."

"Asubuhi ile ulikuwa umekunywa?"

"Jana yake. Chupa mbili."

"Basi anza na hizo mbili," alisema afisa, akaangalia saa.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limeng'oka, lenye harufu ya grisi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, mwendesha winchi huandika alichokikuta. Mara tatu katika mwezi mmoja Kipanga alikuwa ameandika: *Breki inateleza shubiri nzima nikiwa na mzigo. Fundi aarifiwe.* Na mara tatu mkuu wa karakana alikuwa ameandika pembeni, *Nimeona*, na sahihi yake yenye mkia mrefu. Kuona aliona. Fundi hakuja.

Jioni ile Kipanga alilipeleka kwa mdogo wake, katika kota za kampuni. Alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mguu mmoja kwenye kandambili, mwingine hauna kitu. Hakulipokea daftari. Alilisoma mkononi mwa kaka yake.

"Kaa nalo wewe, kaka. Humu ndani ufunguo wa akiba wanao, wanaingia wakipenda. Mkaguzi wa serikali atakuja baada ya miezi minne. Akiandika breki, sheria inanilinda, sitoki hapa mpaka wanangu wakue. Akiandika kaka yangu alikuwa mlevi, natoka." Alifunga daftari kwa ncha ya kidole. "Hilo ndilo nyumba yangu. Usilipoteze."

"Nilipoteze vipi, mdogo wangu. Halitoki kwangu."

Kikundi kilikutana kila siku saa kumi na moja jioni katika ghala dogo nyuma ya kantini, ambalo kampuni iliwaazima. Viti vilipangwa duara. Ukutani, kwenye karatasi ngumu, ziliandikwa hatua kumi na mbili za kuacha pombe, na chini yake kwa wino mwekundu: *Yanayosemwa humu yanabaki humu.* Mlezi alikuwa mtunza stoo, mtu mpole, mwaka wa kumi na moja bila tone. Chai aliinunua mwenyewe. Aliyeanguka alimfuata mpaka mtaroni, akamnawisha uso, akamrudisha kwao. Hakuna aliyeweza kumsema vibaya, na hilo lilikuwa sehemu ya tatizo.

Zamu ya Kipanga ilipofika, alisimama.

"Mimi ni mwendesha winchi."

Walingoja.

"Na nini tena?" aliuliza mlezi.

"Na ninakunywa."

"Hapa hatusemi ninakunywa. Tunasema mimi ni mlevi."

"Hata nikiwa sinywi?"

"Hasa ukiwa hunywi."

Alipofika kwenye breki na daftari lake, dereva wa lori, mtu wa kitambi na meno mazuri, alijipiga paja. "Mimi nilikuja hapa nikasema ni barabara. Yule pale alisema ni mkewe. Huyu katuletea breki. Angalau ni mpya." Wote walicheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Walicheka kama watu wanaomwona mgeni akijigonga kwenye kizingiti ambacho wao wenyewe kiliwavunja vidole.

Siku hiyo mlezi hakugonga muhuri, na mkutano usio na muhuri hauhesabiwi. "Leo umekuja na mwili," alisema. "Akili umeiacha kule juu kibandani. Kesho vije vyote viwili."

Muhuri ukawa adimu. Akitaja breki, hapati. Akisema mimi ni mlevi na kuketi, anapata. Nyumbani walikuwa wakila kwa mikono ya mkewe, aliyefua nguo za watu mpaka ngozi ya vidole ikawa nyeupe kama ya maiti.

"Ulimi hauna mfupa," mkewe alimwambia. "Ukunje. Wape wanachotaka, urudi kazini."

"Ni uongo."

"Ulipouza cherehani yangu ukaniambia imeibiwa, ule ulikuwa nini?"

Akaukunja. Na jambo la ajabu, pombe kweli ilimtoka. Wiki ya nne mikono iliacha kutetemeka. Wiki ya sita alilala usiku kucha. Mkewe alianza kumwachia vipande vikubwa vya nyama, kisha akaanza kumcheka kama zamani, anapokosea kufunga vifungo. Kipanga alihesabu siku zake kama mtu aliyeokota mali. Ndipo kikundi kilipompata barabara, maana sasa alikuwa na kitu cha kupoteza.

Hatua ya nne humtaka mtu aandike makosa yake yote bila woga. Kipanga aliyaandika. Alimpiga mkewe mara moja. Aliuza cherehani. Alichelewa kazini, hakumbuki mara ngapi. Mwisho aliandika: *Niliandika breki mara tatu, kisha nikaendelea kupanda.* Mlezi alisoma polepole, akachukua kalamu yake ya stoo, akakata maneno ya mwanzo kwa mstari ulionyooka. Yakabaki: *nikaendelea kupanda.*

"Kile nilichokata ni cha mtu mwingine. Hapa kila mtu anafagia uwanja wake."

"Na uwanja wa kampuni anafagia nani?"

"Hilo si swali la mtu anayetaka kupona." Mlezi alisema bila ukali, akamjazia chai. "Nikuulize la kwako. Zile chupa mbili. Una hakika ni mbili?"

"Mbili."

"Na asubuhi ile, breki ilipoteleza, mkono wako ulikuwa mwepesi kiasi gani kwenye ile swichi ya dharura?"

Ni nani ajuaye mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi gani, nusu dakika ya asubuhi moja, miezi miwili iliyopita?

Walimuuliza tena kesho yake. Na wiki iliyofuata. Hawakumtishia, waliketi naye, wakamshika bega, wakamuuliza. Alianza kuota mkono. Katika ndoto mkono ulikuwa mzito, umevimba, unanuka kilabu, na ulifika kwenye swichi baada ya kila kitu kwisha. Alipoamka alijikuta haoni tena tofauti ya anachokikumbuka na anachokiota. Mkutano wa themanini, alisimama akasema mkono ulichelewa. Walimpigia makofi. Dereva wa lori alilia.

"Sasa yule mgonjwa anaongea," alisema.

Mkutano wa themanini na tisa mlezi alimbakiza peke yake. Walikuwa wamefika kwenye hatua ya kuwaendea uliowakosea na kuomba radhi. Orodha ilikuwa na mke, shemeji marehemu, mdogo wake. Mlezi aliongeza kwa mkono wake: *kampuni*.

"Kampuni nimeikosea nini?"

"Umekula chumvi yao miaka kumi na tisa, na asubuhi ile umewaletea msiba. Utakwenda kwa afisa utumishi ukamsomee uliyotusomea sisi. Mimi siwezi kwenda. Mimi siri zako nimezifunga humu." Alijigusa kifua, naye alikuwa anasema kweli. "Na lile daftari. Bado unalo?"

"Ninalo."

"Mlevi huficha chupa. Wewe umeficha daftari. Siku utakayolifungua usome kwamba si wewe, siku hiyo utakunywa."

"Lakini ni kweli liliandikwa. Sahihi ipo."

"Nimezika watu watatu katika kikundi hiki," alisema mlezi. "Wote watatu walikuwa na haki."

Kesho yake Kipanga alikuja nalo. Aliliweka mezani, karibu na birika. Alitumaini mlezi atalichukua, alifungie mahali, aseme litangoja. Mlezi hakunyoosha mkono.

"Mwenyewe," alisema.

Karatasi zilikuwa zimelowa grisi miaka mingi, zilichanika kwa shida. Alizichana mbili mbili, akazitia kwenye ndoo ya majani ya chai yaliyolowa, na wino wa ile sahihi yenye mkia mrefu ukaanza kuyeyuka kabla hajamaliza. Walisimama wote wakapiga makofi. Alipewa tuzo ya siku zake, kisahani chekundu cha plastiki kilichoandikwa tisini, akagongewa muhuri wa mwisho.

Asubuhi iliyofuata alimsomea afisa utumishi, amesimama. Karani alichapa.

"Umelazimishwa na mtu?" aliuliza afisa.

"Hapana."

"Umekunywa?"

"Siku ya tisini na moja leo sijagusa."

"Basi haya ni maneno ya mtu mwenye akili timamu," alisema afisa, akamgeuzia karatasi aweke sahihi. "Hongera, mzee. Si wengi wenye moyo huo."

Kwa mdogo wake alifika mchana. Alimkuta anamenya viazi mlangoni.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuomba radhi. Mkono wangu ulichelewa. Mimi ndiye niliyemuua baba wa watoto wako."

Hakuinua macho. "Daftari liko wapi?"

"Lilikuwa kisingizio. Lilinizuia kupona."

"Nimekuuliza liko wapi, kaka."

"Nimelichana."

Kisu kiliendelea. Ganda liliisha, akaendelea kumenya, kiazi kikawa kama yai, kikawa kama kidole gumba, mpaka hakukuwa na kitu cha kumenya akabaki ameshika kisu.

"Kwa hiyo umepona."

"Nimepona."

"Hujanywa."

"Hata tone."

"Nilikuvumilia ulevi wako miaka ishirini," alisema. "Ulitapika kwenye harusi yangu, marehemu akakuosha. Sikuwahi kukutakia kunywa. Leo nasema, heri ungekunywa." Aliokota kiazi kingine. "Ukitoka, funga mlango. Bado ni wangu mpaka mkaguzi aje."

Mkaguzi alikuja. Alikaa nusu siku, akanywa chai kwa afisa utumishi, akaomba daftari la breki, akaambiwa halipo, akapewa karatasi iliyochapwa na karani. Ripoti yake ilikuwa ukurasa mmoja.

Mdogo wake Kipanga alitolewa kota siku ya kumi na saba baada ya ripoti. Anaishi kwa wakwe zake, katika chumba cha uani wanachokitumia pia kuwekea mkaa. Binti mkubwa ameacha shule. Kaka yake akipita njia ile, mlango hufungwa kutoka ndani.

Mke wa Kipanga ameacha kufulia watu. Ana cherehani nyingine.

Mkuu wa karakana amestaafu, akaagwa kwa hotuba. Mlinzi amehamishiwa geti la nyuma. Kampuni imepaka rangi lile ghala nyuma ya kantini na kuweka feni. Mlezi ametimiza mwaka wa kumi na mbili.

Kipanga alirudishwa kazini kama walivyoahidi, ila si juu. Anafagia chini ya winchi. Hajanywa. Kila wageni wanapoingia kikundini husimama, husema yeye ni mlevi, husimulia mkono uliochelewa, na amesimulia mara nyingi kiasi kwamba anajua mahali pa kunyamaza ili wapige makofi. Winchi bado inateleza shubiri nzima ikiwa na mzigo. Huisikia. Hushika ufagio, huangalia uwanja wake.

Mwendesha winchi wa sasa ni mtu wa dini, hanywi hata soda. Mwezi uliopita fungu lilimponyoka likamkata mfunga minyororo miguu yote miwili. Walikipekua kibanda wakitafuta chupa. Hawakuipata. Afisa utumishi alimwandikia barua ya mikutano tisini.

Alikuja jioni ya kwanza, akasimama katikati ya duara na kofia yake mkononi, akasema kuna makosa, kwamba yeye pombe hajawahi kuionja maishani, kwamba ni breki.

"Ndivyo sote tulivyoanza," mlezi alimwambia kwa upole, na Kipanga akamvutia kiti.