Ngalula Arudi Nyumbani

Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Katanga, kusini mwa Kongo, Ngalula na mumewe waliacha nyumba yao katika kijiji kidogo karibu na Likasi, wakapanda treni ya kwenda Kasai. Nusu ya kijiji ikabaki tupu. Baadaye wakaja Wabemba na Walunda waliopoteza kazi mijini, wakitafuta mashamba.

Miaka minne ikapita, Ngalula akarudi peke yake, mjane. Mlangoni pake alimkuta mwanamke Mbemba, Orpha, akisonga bukari, ugali wa huko.

"Mama, hii nyumba tulijenga na bwana yangu," Ngalula alisema.

Orpha aliacha mwiko. Aliiogopa siku hii tangu alipohamia. "Siye tulikuta iko wazi. Unakuya kutufukuza?"

"Hapana. Miye balinifukuza, najua vile inauma."

Orpha aliitazama miguu ya Ngalula iliyojaa vumbi, akamshika mkono. "Ingia, mama. Tukule kwanza."

Jioni alikuja Philippe, jirani wa zamani, Msanga, mwenyeji wa pale. Siku ile Ngalula alipofukuzwa, yeye alijifungia ndani asimsaidie. Sasa alisimama uani, hajui aanzie wapi.

"Mama Ngalula," alisema mwishowe, "unapenda mulango wa nyumba mupya uangalie wapi?"

Kesho yake alianza kufyatua matofali, na mume wa Orpha akamchotea maji. Kabla mvua hazijaanza, nyumba ya pili ilisimama kando ya ile ya kwanza.

Jumapili, kanisani, Ngalula alianzisha wimbo wa Kiluba cha Kasai, lugha ya kwao. Wengi hawakuyaelewa maneno, lakini walipofika kwenye kiitikio, kanisa zima liliitikia.