Bei ya Karatasi

"Hivi dada, mtu akipandisha bei ya vitu visivyouzika, anataka kumwuzia nani?"

Aliniuliza hivyo jirani yetu, fundi cherehani, siku ya Jumatatu, amesimama mlangoni mwa duka na tepu ya kupimia shingoni. Mimi nilikuwa juu ya kigoda, kalamu mkononi, naandika bei mpya ya gita lililopasuka mgongo. Nilicheka tu. Nikamwambia duka ni la shemeji yangu, mimi naandika ninachoambiwa.

Zamani lilikuwa duka la mume wangu na mdogo wake, la vyombo vya muziki. Mume wangu alipotangulia, shemeji alinipa chumba nyumbani kwake na kazi hapa. Bei zilikuwa mbili siku zote. Kulikuwa na bei ya kiwanda, iliyochapwa kwenye orodha ukutani, na bei ya mdomo, ambayo mteja aliipata baada ya kulia kidogo. Kodiani ya laki nane kwenye orodha ilitoka kwa laki tatu na nusu, pamoja na mkoba wake. Hakuna aliyedanganywa, kila mtu alijua. Shemeji alikuwa akisema, "Bei ya karatasi ni ya kumshtua mteja, ya mdomo ni ya kumrudisha."

Mwaka huo hata wa kushtuliwa hakuwapo. Miezi mitatu tuliuza filimbi mbili na nyuzi za gita. Ndipo akaniagiza niandike bei ya kiwanda, ya chombo kipya, kwenye vikaratasi, nivining'inize kwenye kila kitu.

"Hata ngoma yenye kiraka?"

"Hata hiyo."

"Na kinanda kilichong'oka meno?"

"Andika, shemeji. Mwandiko wako mzuri, wa shule ya zamani."

Nilipomsomea Mzee Sikio bei ya ile ngoma alicheka mpaka akakohoa. Huyu ndiye fundi wetu wa vinanda. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kazi aliifanya kwa masikio. "Mimi na ngoma hii tukiuzwa pamoja," akasema, "na viatu vyangu juu, hatufiki nusu!" Hakuwa na ndugu. Alilala stoo, nyuma ya duka, na kila jioni shemeji alimfungia kwa nje na kufuli kubwa, kwa ajili ya wezi.

Jumanne likaja gari, likachukua vinanda viwili vizima na kodiani nzuri, bila mtu kulipa hata senti. Vibovu vikabaki na bei zake mpya. Jumatano shemeji akaleta madebe manne ya mafuta ya kuchanganyia vanishi, yale yanayowaka hata cheche ikiwa mbali. Mwaka mzima hatumalizi kopo moja. Akayapanga stoo, kando ya godoro la mzee.

Mzee Sikio akanusa. "Bosi, tunapaka vanishi mji mzima?"

Shemeji akafunga mlango wa stoo. Akaja kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kesho bwana wa bima anakuja kutazama mali. Akikuuliza, hizo ndizo bei. Na keshokutwa jioni kitabu chako cha sala uondoke nacho, na kikombe chako. Usiache kitu hapa."

"Na mzee?"

Akaanza kufuta meza ambayo nilikwisha kuifuta.

"Mzee gani?" akasema.

Jioni niliomba njia nzima ya kurudi nyumbani, lakini kila nilipofika kwenye amina niliona mwandiko wangu umening'inia kwenye ile ngoma. Nyumba ninayolala ni ya shemeji, sahani ninayolia ni yake. Mdomo ukiniponyoka, kwa umri huu nabisha hodi kwa nani?

Alhamisi bwana wa bima akaja, mnene, miwani puani, faili kwapani. Alisoma karatasi moja moja akiandika, shemeji nyuma yake kama kivuli. Akafika kwenye ngoma yenye kiraka.

"Mama, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na hii ndiyo bei mnayouzia?"

Shemeji alinikazia macho. Kule stoo Mzee Sikio alikuwa akibonyeza jino moja la kinanda, tena na tena, anaitafuta sauti yake.

"Hiyo ni bei ya kiwanda, ya ngoma mpya," nikasema. "Hii hata wa kuichukua bure tumemkosa. Lile gita ligeuze uone mgongo. Humu hakijawahi kuuzwa kitu kwa bei ya karatasi, tangu enzi za mume wangu." Nilikuwa nimeshaanza. "Na kule stoo analala mtu, bwana. Anafungiwa kwa nje, na madebe manne ya mafuta. Andika na hilo."

Shemeji akacheka peke yake. "Msamehe. Tangu afiwe anasema ovyo."

Bwana wa bima aligeuza gita. Akalitazama mgongo kwa muda mrefu, akafunga faili.

"Nionyeshe stoo," akasema.

"Karibuni!" Mzee Sikio akaitikia kutoka ndani. "Angalieni madebe, msijikwae."

Shemeji hakuonyesha kitu. Alichukua koti lake msumarini, akatoka, akashika njia ya nyumbani kwake, kwenye chumba changu na kila nilicho nacho duniani.