Kivuli cha Mwalimu Eliakim

Asubuhi ya uchaguzi, Machi 1957, Dinah Nakhungu alikuwa akikamua ng'ombe nyumbani kwake Myanga kivuli cha mumewe kilipoingia uani. Alikitambua kwa bega la kushoto lililoinama. Mwenyewe, Mwalimu Eliakim, alikuwa kizuizini pwani mwaka wa tatu, kwa kuuliza barazani ni nani aliyemchagua Gavana.

"Umetembea sana," Dinah alisema, akakimwagia maji miguuni.

Mwaka huo Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, ila serikali ndiyo iliyoamua nani anafaa kupiga kura. Wengine walipewa hata kura tatu, wengi hawakupewa kitu. Dinah, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa na moja.

Walikwenda pamoja kituo cha kura wakapanga foleni. Watu walisogea wasikikanyage kivuli. Mezani alikaa karani Festus, ambaye Eliakim ndiye aliyemfundisha kuandika.

"Habari, Mwalimu," Festus alikisalimu. Akapekua daftari. "Mama, jina lake limekatwa. Mtu aliyefungwa hapigi kura."

"Lakini huyu hapa hajafungwa."

Festus akaenda kumuuliza Bwana DC, mkuu wa wilaya. Mzungu alitoka, akakikagua kivuli toka kichwani hadi miguuni, akasema kingoje nje mpaka Nairobi ijibu.

Kikangoja. Jua lilivyopanda ndivyo kilivyofupika, hata saa sita kikaenea chini ya nyayo za Dinah. Festus alimwita mara mbili aje apige kura yake.

"Ngoja kidogo," alijibu. Miaka mitatu hawakuwahi kuwa karibu hivyo, na hakutaka kuinua mguu.

Jua lilipogeuka, kivuli kikaanza kunyooka kuelekea mashariki, upande wa pwani. Dinah akaingia, akapiga kura yake, akatoka mbio. Akakisindikiza hadi kwenye reli.

"Na mwili umeuacha na nani?" aliuliza.

Kikamwegemea magotini kitambo, kisha kikafuata reli.

Mjumbe aliapishwa. Juni, barua ya Nairobi ikafika: ombi la kivuli limekataliwa, na mwenye kivuli ameongezewa miaka miwili. Dinah aliisoma yote, akaikunja. Kisha akaanika shati la Eliakim, ambalo alilifua kila Jumamosi lisishike uvundo sandukuni.