Draiva Kwanza, Martha Baadaye

Kompyuta yangu ilikataa kuona wifi, na usajili wa Martha kwa mtihani wa chuo cha uuguzi ulikuwa unafungwa Jumamosi hiyo hiyo.

Mama yake, Gaudensia, anauza maharage mbele ya kibanda changu cha kuchapa hapa Muyinga. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilikuwa nimemwahidi kumwandikisha binti yake, maana fomu ya chuo haifunguki kwenye simu. Halafu virusi vikaiharibu kompyuta, nikaipeleka Gitega kwa Emmanuel, fundi wa kompyuta, akaniwekea mfumo wa Linux.

Nilimpigia simu, nikaweka spika.

"Hapa nilitumia waya wa mtandao," akasema. "Hiyo kadi ya wifi iko inataka draiva yake, ile programu ya kuiendesha. Si nilikuuliza iko kadi gani? We ukanijibu iko nyeusi."

"Draiva naipata wapi?"

"Kwenye intaneti, mzee."

Gaudensia alisikia, akanigeukia. "Baba Husni, yaani iingie mtandaoni ikachukue dawa ya kuingia mtandaoni? Mwambie basi aliyevunjika mguu akimbilie hospitali."

"Bon, haya," akasema Emmanuel, "unga simu na kompyuta kwa waya wa USB. Intaneti itapita humo."

Nikaunga. Simu ilichaji tu. Waya wa Gaudensia ulifanya hivyo hivyo. Nyaya zetu za sokoni hubeba umeme, hazibebi kingine. Wa kweli anao Radjabu, fundi simu. Lakini Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii za lazima, maduka yote yamefungwa na mtaa mzima unachimba mifereji. Nilichukua jembe nikamfuata mferejini.

"Chimba kwanza," akasema. "Nikiondoka sasa, chef, kiongozi wa mtaa, atanila."

Tulichimba mpaka tukaruhusiwa, akanipa waya. Nikarudi kibandani, nikaunga, intaneti ikaingia.

"Sasa mwandikishe mtoto," Gaudensia akasema.

"Subiri. Draiva kwanza."

Sipendi kazi nusu. Draiva ilishuka polepole, nikaandika amri alizonitumia Emmanuel, nikawasha upya kompyuta. Wifi ikaonekana. Ndipo nikafungua ukurasa wa chuo. Nafasi za kufanyia mtihani Muyinga zilikuwa zimejaa. Zilibaki za Gitega. Nikamwandikisha huko.

Emmanuel alipojua, alisema, "Mzee, ule waya ulikuwa unatosha. Draiva ungeiweka hata kesho."

Gaudensia hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nani atampeleka?"

Walikwenda wote wawili, mama na binti. Tiketi za kwenda na kurudi nilizitoa mimi. Walilala usiku mmoja kwa Emmanuel, wakamla jogoo wake. Meza ya maharage ilikaa tupu siku mbili, na wateja watatu wa Gaudensia walihamia kwa jirani. Mmoja amerudi.