Kaharabu ya Jawahir

Ngamia wa Kerrow hawakuwa na maji, na maji yalikuwa yanaonekana. Kisima kilikuwa ng'ambo ya mawe, umbali ambao mtu akipaza sauti anasikika. Ngamia walikuwa thelathini na mmoja. Kila asubuhi walisimama upande wa mashariki wa mawe, wakanusa maji, wakageuza shingo kumtazama Kerrow. Kerrow alitazama kwingine.

Mawe hayo yalipangwa kwa mstari na wafungwa, pande za Kutulo, mwaka mmoja kabla ya vita vya Mtaliano. Wafungwa waliyapaka chokaa wakaondoka. Serikali ilisema magharibi ya mawe ni kwa Waborana na mashariki ni kwa Wasomali, na kwamba mtu wala mnyama asivuke bila pasi. Kabla ya hapo kisima kilikuwa cha wote. Babu wa Kerrow, Msomali, na babu wa Bonaya, Mborana, walikichimba pamoja. Baadaye Bonaya alimwoa Jawahir, binti Kerrow, na zamu za kunywesha zikawa mambo ya nyumbani. Siku mawe yalipopangwa Jawahir alikuwa kwa mumewe, anakamua. Akawa mtu wa magharibi.

Haukupita muda mrefu mstari ukaanza kusikika mwilini. Mtu akiyakaribia mawe, nywele za mikono zilisimama. Akikaribia zaidi, shuka ilimganda miguuni, na masikio yakasikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa nyumba ya tatu. Mbuzi walitutumka manyoya wakaonekana wanene, jambo ambalo mwaka ule halikuwa kweli. Aliyenyoosha kidole juu ya mawe alirukiwa na cheche ya buluu. Watu waliliweka pamoja na mambo mengine ya serikali, kama kodi na sindano za mifugo. Walijifunza kutopita pale na sufuria. Gelle, dubas aliyewekwa kulinda mawe, askari wa kilemba chekundu, aliizungushia bunduki yake ngozi ya mbuzi kwa sababu chuma kilikuwa kinamng'ata.

Jawahir alikuwa na mkufu wa kaharabu, shanga kubwa za manjano alizoachiwa na mama yake. Mkufu huo ulianza kuinuka kifuani na kuelekea mashariki. Ulikaa hewani umenyooka, kama kamba ya mbuzi anayetaka kwenda. Akipika aliufunga kwa uzi chini ya kwapa usiingie chunguni. Akigeukia magharibi ulimkaba, kwa hiyo akazoea kulala akitazama mashariki, na Bonaya akazoea kulala akitazama mgongo wake.

Walimwuliza Maalim Hared, aliyefundisha watoto Kurani. Maalim alisema hakuna jambo la ajabu hapo. Kaharabu ukiisugua kwa nguo huvuta majani makavu, kila mwanamke anajua, na Waarabu wa mijini siku hizi umeme wenyewe wanauita kwa jina la kaharabu. Vitu viwili vikisuguana sana kisha vikatenganishwa, kila kimoja huondoka na kitu cha mwenzake, na hapo ndipo kuvutana kunapoanza. Watu hawa walisuguana kwenye kisima kimoja tangu enzi za babu zao. Basi.

Walimwuliza dawa yake ni nini. Alisema ni kuvigusanisha tena, ila polepole. Neno la mwisho halikutiliwa maanani.

Kerrow alikwenda boma, kwenye ofisi ya serikali, kuomba pasi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na ulimi wake, kama ndimi nyingi za huko, ulitoa b mahali pa p. Karani alikuwa mtu wa pwani, hajakaa sana. Kerrow alimsalimia, akamwuliza hali ya nyumbani kwake, kisha akasema haja yake.

"Nataka basi."

"Basi?"

"Basi ya kwenda kisimani. Mimi na ngamia yangu."

Karani aliwaita wenzake wawili waje wasikie, na Kerrow akalirudia ombi kwa heshima ile ile. Walicheka, lakini si kwa ubaya. Karani alijifuta macho.

"Mzee, basi ziko Nairobi. Huku panda hao hao ngamia wako."

Kerrow aliuliza zitakuja lini. Karani alisema serikali ikipenda. Kerrow alimshukuru, akamwachia kibuyu cha maziwa, na ngamia mwenye maziwa wakati huo alikuwa mmoja tu.

Alirudi akawaambia watu kwamba pasi iko Nairobi na inakuja. Walikubaliana kuwa hiyo ni habari njema. Tangu siku hiyo kila gari la serikali lilipotimua vumbi, Kerrow alivaa shuka safi akasimama kando ya njia. Magari yalimpita. Mvua za gu, zile kubwa, hazikunyesha. Nundu za ngamia zikalala upande mmoja kama mifuko mitupu.

Jioni baba na binti walizungumza, kila mmoja upande wake wa mawe. Kwa Wasomali baba humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo wote wawili walikuwa aabo, yaani baba. Gelle, ambaye kusikiliza kulikuwa sehemu ya kazi yake, alilalamika kwamba hajui nani anamwita nani.

"Aabo, umekula?"

"Nimekula. Yule jike mweusi amekufa, aabo."

"Huyo wa sita."

"Wa sita. Pasi imechelewa tu. Nairobi ni mbali."

"Labda inakuja kwa miguu," alisema Gelle. "Na kama ni miguu ya Mzungu, inapumzika kila mti."

"Basi imekwisha fika," alisema Kerrow. "Miti yenyewe iko wapi?"

Walicheka wote watatu. Mkufu wa Jawahir ulikuwa umenyooka juu ya mawe, shanga ya mbele ikitoa cheche ndogo ndogo, na hakuna aliyeutazama. Jawahir alikuwa anawatazama ngamia. Bila ngamia baba yake asingekuwa maskini tu. Angekuwa mtu wa kukaa nje ya boma akingoja unga. Akamgeukia Gelle, akamwomba arudie amri ya mawe. Gelle aliijua kwa moyo: mtu wala mnyama asivuke.

"Ndoo ni mtu?"

"Si mtu."

"Ni mnyama?"

Gelle alifikiri. Ndoo za kisima kile zilikuwa za ngozi.

"Ilikuwa ngamia," alisema. "Lakini huyo alishakufa. Sioni kama amri inamhusu."

Kisima kilikuwa kirefu, na maji yake yalipandishwa kwa mikono. Mtu mmoja alisimama chini kabisa, majini, na wengine juu yake kwenye ngazi zilizochongwa mwambani, hadi mdomoni. Kila mmoja alipokea ndoo iliyojaa kwa mkono mmoja na kurudisha tupu kwa mkono wa pili, kwa wimbo, bila kusimama, kiasi kwamba wakati wote wa kazi hapakuwa na mtu ambaye hakuunganishwa na mwenzake kwa ndoo. Shauri la Jawahir lilikuwa kuurefusha mstari huo wa watu kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye mawe. Yeye angesimama mwisho. Baba yake angepokea ng'ambo na kumimina kwenye hori. Bonaya aliwaita watu wake, wake kwa waume, na hakuna aliyekataa, kwa sababu walikuwa wanaona aibu kunywesha wanyama wao huku ngamia wa Kerrow wanatazama.

Walijaribu kwanza kwa ndoo tupu, kavu. Jawahir aliinyoosha juu ya mawe, Kerrow akaishika, nywele zao zikasimama, basi. Walirushiana ndoo kavu mara kadhaa kama watoto. Wakaona njia ni salama.

Asubuhi iliyofuata Kura, ndugu wa Bonaya, alishuka chini, akasimama na maji magotini. Wimbo ukaanza. Ndoo ya kwanza ilipanda ngazi, ikatoka mdomoni, ikapita mkono kwa mkono, ikidondosha. Maji yale yalikuwa na chumvi, ndiyo maana ngamia waliyapenda. Ngozi kavu huuzuia umeme. Ngozi iliyolowa maji ya chumvi huupitisha kama barabara, na hapo kila mkono ulikuwa umelowa, na kila mkono umeshika ndoo. Jawahir aliipitisha juu ya mawe, na Kerrow akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mtoto.

Yote yaliyokuwa yamekusanyika tangu mawe yapangwe yalipita kwa mara moja. Yaliingia kwa Kerrow, yakatoka kwa Jawahir, yakaenda mkono kwa mkono hadi mdomo wa kisima, yakashuka ngazi, yakapita miguuni mwa Kura, yakazama majini. Lilisikika neno moja, aabo, na haikujulikana limetoka upande gani. Wimbo ulikatika. Kila mtu alikaa chini pale pale alipokuwa. Kura alisema baadaye kwamba ilikuwa kama siafu wanaopita ndani ya mifupa, kwa foleni, bila kusukumana.

Mkufu wa Jawahir ulianguka kifuani ukatulia.

Kerrow alikuwa amelala upande wa mashariki, ila mkono wake mmoja ulikuwa umeangukia magharibi ya mawe. Gelle aliuinua kwa upole kwa ngozi ya mbuzi aliyoivua bundukini, akaurudisha mashariki. Kisha akamfumba macho.

Mlio ulikuwa umekoma. Mbuzi walikuwa wamenywea wakarudi kwenye ukondefu wao. Ngamia ishirini na tano waliyatazama mawe, wakaona ni mawe, wakavuka. Walikunywa. Watu wa Bonaya walijaza hori pale kisimani wakilia, na hakuna aliyewazuia, hata Gelle. Gelle aliwahesabu.

Bwana wa boma alikuja na lori. Alisikitika. Aliuliza kwa nini mzee hakuomba pasi, jambo jepesi, angepewa siku hiyo hiyo. Karani alisema hakuna Kerrow aliyewahi kuomba pasi. Kulikuwa na mzee mmoja tu, alisema, aliyekuja kuulizia basi. Jawahir alikuwa amesimama hapo, mkono wake umefungwa kitambaa. Alilielewa neno, na akaelewa limekwenda wapi.

"Ndiye huyo," alisema.

Karani alitazama kwenye magurudumu ya lori. Bwana alisema sheria ya wanyama waliovuka inajulikana, na ngamia wakaswagwa kuelekea boma, matumbo yao yamejaa maji.

Wafungwa waliletwa kuyapaka mawe chokaa upya. Nywele za watu zilianza kusimama tena kabla chokaa haijakauka. Gelle aliirudishia bunduki yake ngozi ya mbuzi. Maalim Hared alifundisha watoto. Mkufu wa Jawahir ulipanda polepole hadi ukanyooka tena, na sasa haukuelekea mashariki yote, bali mahali pamoja, penye rundo jipya la mawe yasiyo na chokaa. Alitafuta uzi akaufunga chini ya kwapa, akaendelea kupika.

Hasara ilikuwa hii. Ngamia sita walikufa kwa kiu, ishirini na tano walichukuliwa na serikali. Shanga tatu za kaharabu zilipasuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Jawahir vilijikunja na havikufunguka tena, nao ulikuwa mkono wa kukamulia. Kibuyu cha maziwa kilibaki kwa karani. Kerrow alizikwa bila kuoshwa mikono, kwa sababu aliyeigusa alirushwa. Maji yaliyofika mashariki yalikuwa ndoo moja, nayo ilimwagika.