Uso Chini ya Kioo

Kwa miaka mingi Ngigi alipiga picha za wafu wasioonekana. Si fumbo, ndivyo ilivyokuwa. Kitengela ya siku zile, mwili ukitoka mochari ulikuwa umelazwa kwenye jeneza lenye dirisha la kioo upande wa kichwa. Watu walipanga foleni kuaga, na mpiga picha akaitwa asimame juu ya kioo apige uso. Familia ilingoja hadi filamu ioshwe Nairobi, na picha zikifika wanaona mawingu. Mawingu, tawi la mkaratusi, na kichwa cha Ngigi mwenyewe kimefichwa na kamera. Marehemu alikuwa humo ndani, chini ya vitu hivyo vyote.

Mwaka wa 1999 mama mmoja wa Noonkopir, Mutindi, alizika mumewe. Picha zilipotoka alizipitia moja moja, akazirudisha mezani mbele ya wateja wengine.

"Mimi niliita mtu anipigie bwanangu," akasema. "Wewe umejipiga."

Watu walicheka, na Ngigi akajifanya kucheka nao. Lakini neno lile lilimchoma, maana alikuwa mtu wa majivuno katika kazi yake, na mwenye majivuno humwezi kwa matusi, unamweza kwa ukweli. Akaanza kuulizia. Fundi mmoja wa kuosha filamu jijini akamwambia kuna kioo cheusi cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, kinaitwa polaraiza, na kazi yake ni kuondoa mng'aro juu ya maji na vioo.

Akaenda kwa Hared, aliyeuza redio, saa, betri na vitu vya kamera vilivyomfikia kwa njia alizozijua mwenyewe. Hared akatoa mkebe wa biskuti uliojaa filta zilizochanganyika.

"Chukua hii kubwa," akasema. "Kubwa inafanya kazi zaidi."

"Hared, hii si kiatu cha mtoto, ati nitakua niijaze. Lenzi yangu ni ya milimita hamsini na mbili. Imeandikwa hapa kwa ukingo."

Filta ya pili iliingia sawasawa, lakini ilikuwa kioo cheupe tu cha kukinga lenzi na vumbi. Ngigi aliizungusha mbele ya jicho mpaka akachoka, na hakuna kilichobadilika. Ya tatu ilikuwa nyeusi kidogo, na ukingo wake ulikuwa wa sehemu mbili, ya mbele ikizunguka peke yake. Aliiweka jichoni, akainamia kaunta ya kioo ambayo taa ya dukani ilikuwa imelala juu yake yote, kisha akazungusha polepole. Taa ikafifia juu ya kioo, ikafifia tena, na saa zilizopangwa chini yake zikajitokeza na mishale yake.

Aliposimama wima akaangalia kutoka juu, taa ilirudi, na hata angezungusha namna gani haikuondoka. Hapo akaelewa jambo ambalo hata fundi wa jijini hakumwambia, kwamba kioo hakikubali kutazamwa kutoka juu. Lazima uinamie upande.

Hared naye akaijaribu, akashika kiuno. "Walahi, hii ungeuzia polisi."

"Polisi hawataki kuona," Ngigi akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka mteja aliyeingia akauliza kuna nini.

Alijifunza kuitumia kwa vioo vya magari yaliyoegeshwa nje ya studio. Aligundua kwamba inakula mwanga, hivyo lazima kamera ifungue jicho kwa muda mrefu zaidi na mkono usitetemeke hata chembe. Aligundua pia kwamba mahali pake penye jeneza ni upande wa miguu. Anachutama hapo, anatazama kioo kwa mshazari kuelekea kichwani, kisha anazungusha ukingo mpaka mbingu iondoke. Watu waliona kituko, mwanamume mzima kuchuchumaa miguuni pa maiti kama anayefunga kamba za viatu. Lakini picha zilipotoka walinyamaza. Kwa mara ya kwanza wajane wa Kitengela waliwaona wanaume wao. Mutindi mwenyewe alimletea mteja. Ngigi alivimba kichwa, na sioni kwa nini asivimbe, kwa kuwa alikuwa amepata kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho.

Kisha akafa Nyawira.

Nyawira alikuwa dada yake wa pekee. Aliolewa Kiserian na Githongo, muuza saruji na mabati, mtu wa sauti ya chini, mtoaji wa kwanza kwenye kila harambee. Walikuwa na watoto wawili, mvulana, na msichana mdogo aliyepewa jina la nyanya yake, Waceke. Githongo alipiga simu studio asubuhi akilia. Nyawira ameanguka bafuni. Pressure. Daktari ameandika pressure.

Ngigi alikimbia hadi kwa mama yake. Waceke huyo mkubwa alikuwa mjane aliyeishi kwenye ploti yake ndogo Noonkopir na ng'ombe wake wawili. Alimkuta amekaa jikoni, macho makavu, maziwa yamemwagika motoni na hakuna anayeyajali. Hakujua ampe nini, basi akampa alichokuwa nacho.

"Mami, nitakupigia uso wake vizuri. Utakaa nao."

"Niko na picha zake mingi za akiwa mzima," mama akasema. "Hiyo wachana nayo."

Ngigi alidhani ni uchungu ndio unaosema.

Siku ya mazishi mama aliondoka alfajiri kwenda mochari na nguo za kumvalisha, akakataa kusindikizwa na mtu yeyote. Jeneza lilipofika kwa Githongo, jua lilikuwa kali, na hema lilitosha wageni wa heshima tu. Waliondoa kifuniko cha mbao juu ya lile dirisha la kioo, foleni ikaanza kusonga. Kila aliyefika aliinama, akaona mawingu na uso wake mwenyewe, akajipangusa machozi na kupita. Githongo alisimama upande wa kichwa na leso mkononi. Mama alisimama mkabala naye, amemshika Waceke mdogo begani.

Kwa mazoea Ngigi alipiga moja kwanza kutoka juu bila filta, ya tahadhari. Kisha akafunga polaraiza, akaenda miguuni, akachutama. Akaweka jicho kwenye kamera, akazungusha ukingo.

Mbingu ikaondoka. Nyawira akaja, na poda. Poda nyingi, yeye ambaye maisha yake yote alijipaka mafuta ya mgando tu akamaliza. Alivalishwa blauzi ya kola ndefu iliyofungwa hadi juu. Kutoka kichwani, waliposimama wengine wote, kola ilifunika kila kitu. Kutoka miguuni mtu alitazama moja kwa moja chini ya kidevu, na hapo kola ilikuwa imeachana na ngozi. Upande mmoja wa koo kulikuwa na alama nne nyeusi zimepangana. Upande wa pili kulikuwa na moja, pana zaidi.

Watu huanguka bafuni wakapasuka kichwa, wakavunjika mkono. Bafu halina vidole.

Mikono ni ya kazi, haikungoja ruhusa. Alizuia pumzi, akaegemeza kiwiko gotini, akapiga. Akapiga tena. Alikuwa anataka ya tatu aliposikia sauti ya mama juu yake.

"Ngigi, imetosha. Watu wanangoja."

Akainuka. Githongo alimshika mkono, akamwambia pole shemeji, na Ngigi, Mungu amsamehe, akamjibu asante.

Hakumwambia mtu. Alijiambia jicho lenye machozi huona vingi, afadhali angoje picha. Alipeleka filamu Nairobi mwenyewe, akaketi nje ya duka mpaka ikawa tayari, na alipofungua bahasha hakuona mawingu wala mkaratusi. Hakuwahi kupiga picha safi kama ile. Kila alama ilionekana, hata pale poda ilipokuwa imegandamana juu ya weusi. Akapanda gari kurudi. Njia nzima, akilini mwake, alikuwa amekwisha kumfunga Githongo pingu, amekwisha kusimama mahakamani, amekwisha kuinua ile picha watu wote waone.

Mama alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Ngigi alimketisha kwenye ngazi ya mlango.

"Mami, jikaze. Nyawira hakufa na pressure. Ona."

Mama alipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akaichukua picha. Aliitazama muda mrefu. Ngigi alingoja nduru. Alikuwa amejiandaa kumshika asianguke.

"Uliona aje hapa chini?" mama akauliza. "Mimi nilifunga hiyo kola mpaka juu."

Ngigi hakuelewa mara moja.

"Ni mimi nilimvalisha," mama akasema. "Ama ulifikiria hiyo poda ilijipaka?"

"Ulijua?"

"Nilijua hata kabla nifike mochari. Alikuja hapa mwezi wa pili akiwa na jicho imefura. Nikamwambia arudi, avumilie, ako na watoto." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya maziwa. "Ni mimi nilimrudisha, Ngigi. Hakuna kitu utaniambia sijajiambia."

"Basi twende tukaandikishe! Picha hii hapa!"

"Halafu?"

"Halafu afungwe!"

"Halafu watoto?" Sasa sauti ilipanda. "Watoto ni wa Githongo. Akifungwa, wataenda kwa dada zake, na hao watawaambia nyanya yenu, cucu wa Noonkopir, ndiye alifunga baba yenu. Asipofungwa, na wewe unajua vile hizi vitu huenda, hatawahi waleta hapa tena. Aliniambia hapo kwa mochari, mlangoni. Hakunitisha. Aliniambia pole pole tu: 'Mami, hawa watoto watakuwa wanakuja kwako kila Jumapili, kama tutaelewana.' Nikaelewana. Nimepoteza mmoja. Sitapoteza tatu."

"Na Nyawira?"

"Nyawira harudi."

Ngigi alikasirika kiasi cha kutaka kupiga kitu teke. Akamwambia mama maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi, kwamba amemuuza binti yake mara mbili, akiwa hai na akiwa amekufa. Mama aliyasikia yote.

"Wewe utawalea?" mama akauliza, Ngigi alipoishiwa pumzi. "Unalala nyuma ya studio. Hata bibi huna. Ukiweza kuwachukua leo na wakae, nenda polisi. Mimi nitakuja na wewe nishuhudie."

Ng'ombe mmoja alilia zizini. Ngigi alitafuta jibu, akalitafuta kwa dhati, na kila alilolipata liliishia kwa Waceke mdogo akilia kwenye nyumba ya shangazi asiyemjua vizuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko alama zile. Ukweli alikuwa nao mkononi, safi, wa rangi, na hakuwa na mahali pa kuupeleka ambapo usingemwangukia mtoto.

"Hukupiga ingine?" mama akauliza. "Yenye haionyeshi?"

Akampa ile ya tahadhari. Mawingu yalijaa kioo chote, na chini yake kulikuwa na weupe kidogo ambao ungeweza kuwa paji la uso la mtu yeyote. Mama aliitia kwenye albamu. Kisha akanyoosha mkono akingoja, na Ngigi akampa bahasha yote pamoja na negative za filamu. Mama akaingia jikoni, akavitia motoni kimoja kimoja. Alikaa hapo akivitazama mpaka mwisho, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, ingawa moshi wa picha unaweza kufanya hivyo pia.

Githongo alikuwa mtu wa ahadi. Jumapili iliyofuata alifika na watoto, na mfuko wa unga, na sukari. Alimsalimu mama kwa mikono miwili. Mama alimpikia chai, akamwekea kikombe cha wageni. Waceke mdogo alikimbia zizini kuona ng'ombe, kaka yake nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nyumba ile ilijaa sauti za watoto.

"Ngigi, leta kamera," mama akasema. "Tupige moja ya sisi wote."

Ngigi alimwangalia. Mama alimwangalia pia, na hakuondoa macho mpaka yeye alipoondoa yake.

Aliwakalisha nje, ambako mwanga ulikuwa mzuri. Mama katikati, mvulana mbele, na Githongo pembeni amempakata Waceke magotini. Mtoto alikuwa amemshika baba yake kidole gumba, anakichezea. Ngigi aliweka jicho kwenye kamera.

"Piga vizuri, shemeji," Githongo akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Watoto wakae nayo."

"Sogea karibu na Mami kidogo," Ngigi akamjibu. "Inua kichwa. Hapo."

Kisha, kwa mazoea ya kazi, akawaambia wacheke. Watoto walicheka, Githongo akacheka, na mama akacheka kuwashinda wote. Picha ile ilitoka vizuri sana.