Taka Safi kwa Ajili ya Wageni

Kufika saa mbili asubuhi, barabara ya mbele ya soko ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mfagiaji wake, mama aliyebandikwa jina la Mama Chelewa kwa sababu ya fagio lake la chelewa, zile njiti za mnazi, alikuwa amemaliza kazi mapema. Maganda alishampa mfuga mbuzi. Maboksi na chupa vilishachukuliwa na wanunuzi. Nepi na mifuko laini, vitu visivyotakiwa na mtu, vilikuwa kwenye kontena nyuma ya soko vikisubiri lori. Kutenganisha taka hakufundishwa na semina yoyote. Alifundishwa na miaka kumi na moja ya kuinama.

Ndipo akatokea msimamizi wake. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka sita, na koti lake la kazi halijawahi kuonja vumbi tangu lishonwe.

"Shangazi, umeniharibia!"

"Nimekuharibia nini?"

"Umefagia."

"Ulitaka nipike?"

"Mkurugenzi wa Usafi anakuja saa tatu na wageni, kuzindua kampeni ya kutenganisha taka. Sasa watafagia nini? Wapiga picha watapiga nini? Rudisha kidogo. Zile safi safi, zisizonuka."

Mama Chelewa alimtazama kuanzia viatu hadi utosi. "Taka safi mimi sijawahi kuziona. Ukizipata, niite na mimi nizishangae."

Kijana wa watu akabeba toroli mwenyewe, akaenda kontenani huku ameziba pua. Alichagua mifuko myeupe iliyofungwa vizuri, akaamini kwamba kizuri cha nje ni kizuri cha ndani, akaja kuimwaga katikati ya barabara.

Saa nne na nusu ndiyo ikawa saa tatu ya wakubwa. Mkurugenzi alishuka garini, wageni na wapiga picha wakamfuata na maboksi yao ya chakula, injini ikabaki inanguruma. Alivikwa glavu kama bwana harusi. Mapipa matatu ya rangi tofauti yalipangwa nyuma yake, kipaza sauti kidogo kikabanwa kifuani pake, akahutubia kwamba taka ni mali na kwamba wananchi hawa wanahitaji kuelimishwa. Wananchi hawa, walioelimika kabla yake, walimtazama tu kutoka vibandani.

Kisha akashika fagio jipya, lebo ya bei bado inaning'inia, akafagia kama anayefukuza kuku. Pigo la tatu likapasua mfuko. Nepi mbili zilizoiva zikamtua kiatuni.

"Nani anafagia hapa?" akafoka.

"Huyu mama," msimamizi akajibu upesi, akinyoosha kidole. Si shangazi tena. Huyu mama.

Mama Chelewa alisogea mbele. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu alikuwa amemchelea vya kutosha.

"Mheshimiwa, mimi nimefagia asubuhi na mapema. Hizi kazileta msimamizi kwa toroli, ili upate cha kufagia."

"Tumemwona!" akadakia fundi viatu wa pembeni.

Mkurugenzi akamvuta msimamizi kando, akamnong'oneza kwa hasira: "Si nilikwambia taka safi?"

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Soko zima lilisikia, likacheka mpaka muuza nyanya akaketi chini.

Walivyoondoka, ungedhani wanafukuzwa na nyuki. Mapipa ya rangi yalirudishwa kwenye gari, maana yaliazimwa. Nyuma waliacha maboksi ya sponji yenye chakula nusu, chupa za maji zilizoonjwa mara moja, glavu, na bango la plastiki lililoandikwa TUPUNGUZE TAKA. Kwa siku nzima soko lisingeweza kuchafua barabara kiasi kile.

Msimamizi alibaki amesimama, gari la wakubwa likiwa limemwacha. Simu yake ikaita. Akasikiliza, akasema "ndiyo, mkuu" mara nne, akairudisha mfukoni.

"Wameninyang'anya usimamizi," alisema. "Nitakuwa mfagiaji kuanzia kesho. Shangazi, umenikasirikia?"

"Sana."

"Nisamehe."

"Leo siwezi." Alimsukumia gunia tupu kwa mguu. "Kwa nini usubiri kesho? Chupa mwaga maji kwanza. Chakula weka kando, mfuga mbuzi atakipitia. Na hizo nepi ulizoleta, okota mwenyewe."

Akavua koti, akainama.